Mtoto wa Tusekile na Taa ya Korido

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo wengi wenu mlishazaliwa, palikuwa na mji wa nyanda za juu ambako ukungu hukaa barabarani mpaka watu wamekwisha kunywa chai ya asubuhi. Katika mji huo palikuwa na jumba la halmashauri. Chini walikaa watu wa afya, katikati watu wa elimu, juu kabisa watu wa ardhi. Na huko juu, chumba cha mwisho wa korido, alifanya kazi mwanamke aitwaye Tusekile.

Tusekile alikuwa mchora ramani. Ukimpa vipimo vya shamba lako atakuchorea mpaka, mfereji na mti uliopo kwenye kona, nawe ukiitazama karatasi utadhani umesimama shambani kwako. Na Tusekile alikuwa kiziwi. Homa ya utotoni iliondoka na masikio yake, akakua akisema kwa mikono. Mumewe, Lwitiko, alikuwa mkulima wa chai, mtu mpole, naye alijifunza mikono ile kabla hata hajapeleka posa.

Sasa sikilizeni.

Siku moja jumba lile lilifanya zoezi la moto. Kengele ikalia. Watu wa afya wakatoka, watu wa elimu wakatoka, watu wa ardhi wakatoka, wakajipanga kwenye majani mbele ya jumba, wanacheka, wanapiga soga. Tusekile hakusikia. Aliendelea kuchora. Alipoinua kichwa na kutazama dirishani akawaona wenzake wote wako chini, akadhani labda kuna mtu anaagwa, anahamishwa kituo. Akawapungia mkono. Wao nao wakampungia, wakacheka zaidi.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa diwani, mama wa makamo aitwaye Subilaga, aliyekuja jumbani siku hiyo kwa shughuli zake. Alitazama lile dirisha, akautazama ule mkono unaopunga. Akasema peke yake, "Ungekuwa moto wa kweli, yule mama angetupungia hivyo hivyo huku anaungua."

Kikao cha madiwani kilipokaa, Subilaga akasimama.

"Waheshimiwa, kengele yetu ni ya wenye masikio. Wekeni na taa. Kengele ikilia, taa ziwake na kuzima kila chumba, kila korido, kila choo, ili asiyesikia aone."

Akasimama diwani mwingine, Mzee Anyosisye, mwanamume mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kengele ile inasikika mpaka sokoni! Leo tufunge taa jumba zima kwa ajili ya mtu mmoja? Huyo mmoja si ataguswa bega na wenzake?"

Madiwani wakacheka. Hoja ikaanguka.

Kikao kilichofuata Subilaga akasimama tena. Mzee Anyosisye naye akasimama tena. Hoja ikaanguka tena. Ikawa hivyo kikao baada ya kikao, mpaka watu wakamwita Subilaga "Mama Taa", na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mwisho wakachoka naye. Wakamwambia, "Mama, tutaweka taa kwenye korido tu. Vyumbani hapana. Unachukua au unaacha?"

Subilaga akafikiri, "Nikikataa, nitakosa hata hizo za korido." Akachukua.

Basi taa zikafungwa korido zote. Ya juu ilifungwa ncha ya pili ya korido, ikitazamana na chumba cha Tusekile, pale ngazi za nyuma zinapoanzia.

Ndani ya chumba cha ramani, Tusekile alikaa na mpima ardhi mmoja kijana, Ambakisye. Huyu ndiye mtu pekee ndani ya jumba lile aliyejua lugha ya mikono. Tusekile mwenyewe alimfundisha, neno kwa neno, mvua zikinyesha na hakuna kwenda kupima. Taa ilipofungwa, Ambakisye akaligeuza dawati la Tusekile likatazama mlango. Akamwambia kwa mikono, "Mlango ukiwa wazi, utaiona taa. Na nikiwapo mimi, mimi ndiye masikio yako." Tusekile akaweka kiganja kifuani. Alimwamini.

Miaka ikaenda. Mzee Anyosisye akaachia udiwani, akarudi kulima migomba. Na uzee ulimjia kwa mlango ambao hakuutarajia: masikio yakaanza kuziba. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Akiulizwa jambo, anatikisa kichwa. Watu wakicheka, naye anacheka. Akisalimiwa asisikie, anaitikia "Marahaba" na kupita.

Na Tusekile na Lwitiko, waliokaa muda mrefu bila mtoto, wakajaliwa mimba. Ikakua. Ikafika hatua ambayo mama akitembea, tumbo linatangulia.

Ndipo ikaja asubuhi ya moto.

Ilikuwa asubuhi ya baridi na upepo. Upepo uliingia kwenye chumba cha ramani na kupeperusha karatasi. Ambakisye alikuwa anashuka chini kuonana na watu wa afya, na alipotoka akauvuta mlango nyuma yake ukafunga, karatasi za Tusekile zisiruke. Aliufunga kwa wema.

Nje ya chumba, kwenye benchi la korido, alikaa Mzee Anyosisye. Alikuja kufuatilia ramani ya shamba lake. Alipofika alichungulia mle ndani, akamwona Tusekile ameinama juu ya karatasi yake, akarudi kukaa kungoja.

Chini, katika stoo ya makaratasi, waya wa jiko la umeme la kuchemshia chai ulipiga shoti. Karatasi zikashika. Moto ukapanda ukutani.

Kengele ikalia. Watu wa afya wakasikia, wakatoka. Watu wa elimu wakasikia, wakatoka. Watu wa ardhi wakasikia, wakatoka. Karani mmoja alipita mbio mbele ya benchi akapiga kelele, "Mzee, moto!"

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Anyosisye, na akabaki amekaa.

Kengele ilikuwa inalia juu ya kichwa chake, kengele ile ile aliyosema inasikika mpaka sokoni, naye hakuisikia. Alichoona ni korido imekuwa nyeupe, kisha giza, kisha nyeupe. Akainua macho. Mwisho wa korido ile taa ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Akageuka kutazama ngazi za mbele. Moshi ulikuwa unapanda.

Mzee akasimama. Katika hofu yake hakumkumbuka Tusekile nyuma ya mlango. Akaenda kwenye taa, akashuka ngazi za nyuma akishika ukuta. Alipofika chini akakuta mlango umefungwa kwa mnyororo upande wa nje. Walioufunga walikuwa wanaogopa wezi. Mzee akausukuma, haukwenda. Akaona mtungi mwekundu wa kuzimia moto umetundikwa pembeni. Akauchukua akaugonga mlango. Akagonga, akagonga. Bawaba zikaanza kulegea. Akaweka mtungi chini, akarudi nyuma, akauvamia mlango kwa bega. Bega likalia, mlango ukalia, vyote viwili vikaachia. Mzee akaangukia nje, kwenye hewa safi, mkono mmoja unaning'inia.

Wakati huo, mbele ya jumba, watu walikuwa wamejaa kwenye majani. Ambakisye alikuwa katikati yao, anakohoa, anafuta machozi ya moshi. Mtu akamwuliza, "Wenzako wote wametoka?"

"Wametoka," akajibu.

Kisha akageukia jumba. Akatazama juu. Dirisha la mwisho lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kioo kulikuwa na kichwa kimeinama, kinachora.

Ambakisye akapiga ukelele ambao waliokuwapo wanasema hawatausahau. Akakimbilia ndani. Alifika katikati ya ngazi za mbele, moshi ukamrudisha. Akajaribu tena, ukamrudisha tena. Akatoka, akaokota jiwe, akarusha, likagonga ukuta. Akaokota jingine, akarusha. Kioo kikapasuka.

Tusekile akaruka. Akaja dirishani amekasirika, akidhani ni watoto watundu. Akamwona Ambakisye amesimama peke yake mbele ya watu wote, mikono juu. Watu walikuwa wanapiga kelele zote walizonazo, "Toka! Moto! Toka!" Kelele hizo hazikumfikia. Mikono ya Ambakisye ikamfikia.

"Moto," ikasema mikono. "Ngazi za mbele zimekufa."

"Nitoke wapi?" akauliza Tusekile.

Mikono ya Ambakisye ikasita. Alijua ngazi za nyuma zina mnyororo. Akimwelekeza huko akute mlango umefungwa, atakuwa amemwingiza kwenye kisima cha moshi. Ndipo kwenye kona ya jumba akatokea Mzee Anyosisye, ameshika mkono wake uliovunjika, anapaza sauti kama wanavyopaza watu wasiosikia sauti zao wenyewe, "Nyuma pako wazi! Nimeuvunja mlango! Nyuma pako wazi!"

"Ngazi za nyuma," ikasema mikono. "Sasa hivi. Inama chini."

Tusekile akafungua mlango wa chumba. Korido yote ilikuwa moshi. Hakuona ukuta, hakuona sakafu, hakuona kiganja chake. Lakini mbali mbele, ndani ya ule moshi, kitu kilikuwa kinawaka na kuzima. Akaifuata taa ile kwa magoti, mkono mmoja sakafuni, mkono mmoja tumboni. Akazifikia ngazi. Akashuka za kwanza. Kisha pumzi ikamwisha, akakaa, na kichwa kikalala ukutani.

Mzee Anyosisye alikuwa amekwisha kurudi nyuma ya jumba. Aliona Tusekile hatoki. Watu wakamshika koti, "Mzee, usiingie, umeumia!" Hakuwasikia, au hakutaka kuwasikia, hilo analijua mwenyewe. Aliingia. Alimkuta, akampachika kwenye bega lililobaki zima, akashuka naye. Ambakisye alipofika mbio kutoka mbele, aliwakuta wote wawili wamelala kwenye majani, wanakohoa.

Moto ukazimwa. Hakuna aliyekufa. Siku zikapita, na Tusekile akajifungua mtoto wa kike mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri. Lakini haikuishia hapo.

Katika ukoo wa Lwitiko, mtoto wa kwanza hupewa jina la mtu aliye hai ambaye nyumba inamshukuru. Kwao jina halichagui mwanamume wala mwanamke. Na mtu huyo huwa somo wa mtoto, mzazi wake wa pili. Mtoto anaingia kwake bila kubisha hodi. Akiugua, somo anakesha naye. Siku ya kuolewa, somo ndiye anayemshika mkono. Na somo huwa mmoja tu. Ndivyo wanavyofanya, na mama yake Lwitiko, Bibi Atuganile, hakuwa mtu wa kubadilishiwa mambo.

Siku ya kumpa mtoto jina, watu wakajaa uani. Bibi Atuganile akauliza, "Nyumba hii inamshukuru nani?"

Vinywa vikafunguka kila upande. Lwitiko akanyoosha mkono. "Wenyewe wako hapa. Waseme wenyewe. Na mke wangu aambiwe kila neno, asifichwe lolote."

Lwitiko alikuwa na mtoto mikononi. Nani basi wa kumfasiria Tusekile? Aliyebaki anayejua mikono alikuwa Ambakisye. Akasogea, akasimama mbele ya Tusekile, akafasiri.

Akaanza Subilaga. "Siku ya moto sikuwapo. Nilikuwa mbali, nilisikia jioni. Sikubeba mtu, sikuvunja mlango. Lakini taa iliyomwamsha Mzee ni taa yangu. Taa aliyoifuata Tusekile kwa magoti ni taa yangu. Walinicheka, nikaendelea. Nilimwona binti huyu anaungua siku ambayo kila mtu alimwona anapunga mkono. Mungu hakunipa mtoto. Mkinipa huyu kuwa somo wangu, nitashukuru." Kisha akaongeza, "Na kwa kuwa mmesema asifichwe kitu: nilikubali taa za korido nikaacha za vyumba. Ningeng'ang'ania, asingehitaji jiwe. Nalala na jambo hilo."

Ambakisye akafasiri yote.

Akafuata Mzee Anyosisye, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Lwitiko alimwomba aseme taratibu, naye akasema kwa sauti kubwa kama kawaida yake.

"Mimi nilizipinga taa zile. Wote mnajua. Nilisema maneno nikachekesha watu. Na taa ile ile ikaniokoa mimi, maana sisikii, jamani. Leo nasema mbele ya mke wangu: sisikii. Nilikuwa nje tayari, salama, nikarudi ndani. Bega hili halitainua jembe tena. Kama ni kulipa, nimelipa. Sijui kama inatosha. Ila mtoto huyu atakua na mama wa mikono, nami nazeeka kuelekea huko huko. Ningependa tujifunze pamoja, mimi na yeye."

Mkewe akajifunika uso kwa khanga. Ambakisye akafasiri yote.

Kisha watu wakamtazama Ambakisye. Karani mmoja wa ardhi akasema kwa niaba yake: "Sote tulipiga kelele pale, na kelele zetu zilikuwa bure. Ni huyu peke yake aliyekuwa na maneno ya kumfikia dada. Alijifunza lugha yake wakati hakuna aliyemlazimisha. Bila mikono hii, mlango uliovunjwa na taa iliyowaka vingemfaa nini mtu aliyeinama kwenye karatasi?"

"Ndiyo," akadakia Bibi Atuganile, "lakini ni yeye aliyefunga mlango! Ni yeye aliyesema atakuwa masikio yake, kengele ilipolia akaokoa miguu yake mwenyewe. Alimsahau. Mwambie hivyo mkwe wangu. Mwambie."

Ambakisye angeweza kuruka neno. Nani angejua? Lwitiko alikuwa anambembeleza mtoto, hakuwa akitazama. Ambakisye akainua mikono, akasema kwa mikono ile, polepole, wazi: "Ambakisye aliufunga mlango. Ambakisye aliahidi. Ambakisye alikusahau."

Tusekile akamtazama kwa muda mrefu. Hakuwa ameyajua hayo. Alidhani ni upepo uliofunga mlango, na kwamba Ambakisye alizuiwa na moshi tangu mwanzo.

Baada ya moto ule, madiwani walikaa tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Taa zikafungwa kila chumba na kila choo cha jumba lile, kisha hospitali, wodi kwa wodi, kisha shule na ukumbi wa mikutano. Subilaga ndiye aliyedai. Mzee Anyosisye ndiye aliyesimama kwenye mikutano ya hadhara akijitangaza kiziwi ili watu waelewe. Ambakisye ndiye aliyewafundisha makarani lugha ya mikono. Hayo yote mema, na yote yalifanywa na watatu.

Lakini siku ile uani mtoto alikuwa hajaitwa. Lwitiko aliegemea kwa Mzee, kwa sababu ya lile bega. Bibi Atuganile aliegemea kwa Subilaga. Akasema, "Aliyeona mapema ndiye aliyeokoa, wengine walikuwa wanazima makosa yao wenyewe." Makarani walimtaka Ambakisye. Tusekile akampokea mtoto, akamlaza mapajani ili mikono yake iwe huru, na watu wote wakaitazama mikono ile. Ikainuka, ikashuka. Ikainuka tena, ikabaki hewani.

Nami hapo namwachia Tusekile mikono yake, nawageukia nyinyi mlionisikiliza. Subilaga aliona hatari kabla haijaja, akapokea nusu ya alichotaka. Ambakisye alisahau, lakini ndiye aliyekuwa na neno la kumfikia, na alipopata nafasi ya kuficha, hakuficha. Anyosisye alizuia, kisha akarudi kwenye moshi wakati yeye mwenyewe ameshapona. Mmoja akikosekana, hakuna mama, hakuna mtoto, hakuna jina la kutafuta.

Haya, semeni, na kila mtu atoe sababu yake: mtoto yule alistahili kuitwa nani?